Ufunguo Niliobandika Juu ya Diski

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika ufunguo wa siri za zahanati nzima kwenye kipande cha plasta, kwa wino mwekundu na hati ya kupendeza, nikakibandika juu ya diski. Naungama mapema, wadogo zangu wa Gredi ya Tisa, mjue mwafunzwa na nani: mstaafu wa miaka kumi na sita, aliyetumikia likizo nzima katika duka la kompyuta la Bi Rukia, Bondeni.

Zama zetu kazi ilikuwa hivi. Kompyuta ya zahanati ina mafaili ya wagonjwa. Twatoa nakala yake kamili kwenye diski, ikawekwe mbali, ghalani Shimanzi, ili hii ikifa ile ishike kazi. Diski hufungwa kwa msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Huo ndio ufunguo. Asiyekuwa nao huona takataka tupu.

Tuktuk ilipoondoka na diski, Bi Rukia akaniuliza, "Ufunguo umeuweka wapi?"

"Nimeubandika papo hapo juu ya diski, Bi, usije ukapotea."

Akavua miwani. "We kijana! Wafunga mlango, ufunguo wauacha kitasani?"

"Na paswadi nyingine zote nimeziandika kwenye faili moja, mle mle ndani ya kompyuta," nikaongeza, nikidhani najitetea.

Kisha nikakumbuka. Mamangu alikuwa akienda zahanati hiyo kila mwezi, na hakutwambia kwa nini. Sasa mpakuzi yeyote ghalani angeweza kujua kabla yangu, huku akinywa chai.

Bi Rukia akampigia dereva, akamnasa kwenye foleni ya malori, akamrudisha. Nikaibandua plasta mbio.

"Bado," akasema. "Dereva ameshaiona. Hata ukiitafuna hiyo plasta, siri si siri tena. Anza upya. Na matroni utamweleza mwenyewe."

Matroni wa zahanati akanisikiliza mpaka mwisho. "Na kesho utabandika nini?"

"Mdomo wangu, Sista."

Akacheka, wala hakutunyang'anya kazi. Nikafuta diski, nikatengeneza ufunguo mpya, nikabadili paswadi moja moja. Lile faili la paswadi nililiondoa kompyutani kabla ya kunakili tena, kwa kuwa nakala haina adabu: hubeba kila kitu, pamoja na upuzi wako. Ufunguo ukatiwa bahashani, ukafungiwa kabatini kwa matroni. Diski ikaenda Shimanzi peke yake.

Shule zikafunguliwa, nikastaafu bila pensheni. Bi Rukia ataka nirudi Agosti. Nikitazama nyuma, naona kazi yenyewe ilikuwa kushika mambo ya watu bila kuyachungulia.

Nyumbani nilimsimulia mama yote. Akanitazama sana. "Ufunguo ulipokuwa mkononi mwako, ulilifungua faili langu?"

"Wallahi sikulifungua, mama."

Akasema: "Alhamdulillahi. Basi keti, nikwambie mwenyewe yaliyomo. Mdogo wako yuko njiani."