Chumvi ya Ng'ombe

Juzi, kwenye foleni ya zahanati karibu na Roret, mbele yangu alisimama baba mwenye gambuti za kuchumia chai, mtoto begani, chupa ya maji ya kijivu mkononi. Hakutulia; kila mara alimhamisha mtoto bega hili hadi lile.

Alipofika mezani alimwambia nesi, "Anaharisha tangu jana. Nimemtengenezea maji ya chumvi lakini anatema."

"Chumvi gani?"

"Ile ya ng'ombe. Iko na madini mingi."

Nesi alimwaga yote kwenye sinki. "Hii iko na shaba na vitu zingine za ng'ombe. Ya jikoni ni sodiamu na klorini, basi. Maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu ya kijiko hicho. Onja. Isipite chumvi ya machozi."

Baba alimtazama mtoto. "Sista, huyu analia tangu asubuhi na machozi haitoki."

"Huyu ameishiwa na maji mwilini!" Nesi alimnyakua mtoto, akakimbia naye ndani.

Kwetu ng'ombe akikataa maji, daktari wa mifugo anapigiwa simu kabla hatujanywa chai. Foleni ile ilikuwa ndefu, na sote tulikuwa tukimsikia huyo mtoto akilia, lakini hakuna aliyempisha baba yake.