Mapacha wa Rehemah na Kiswahili cha Kambini

Rehemah Nangobi aliuza chai na mandazi karibu na kambi ya jeshi mjini Jinja. Kuliko jasho na pombe ya wateja wake, kilichomtia kinyaa zaidi kilikuwa Kiswahili chao. Nyumbani walizungumza Lusoga, lugha yao, lakini mapacha wake wa miaka mitano, Hasifa na Aidah, walishinda naye kibandani, wakisikia matusi yale yale ya askari.

Hasifa alidaka kila neno na kulirudisha papo hapo, hata kwa sauti ya aliyelisema. Aidah hakutamka hata moja. Alikaa juu ya gunia la makaa, akitazama midomo ya watu. Askari walimwita bubu, na Hasifa wakamfanya mchezo wao.

"Toto, ambia mama: leta chai, malaya wewe!" koplo mmoja alimfundisha.

Hasifa akasema vilevile, huku akitabasamu. Meza nzima ikaangua kicheko, akapewa peremende. Rehemah alihisi mate machungu yakimjaa mdomoni. Akacheka nao, kwa woga, na kicheko chake hicho kilimchukiza kwa miaka.

Vita vya mwaka sabini na tisa vilipokaribia Jinja, mumewe akiwa amekwisha kufa, aliamua kukimbilia kwa kaka yake Mbale. Walipopita Bugembe, askari waliokuwa wakirudi nyuma walilisimamisha lori walilopanda, wakawateremsha abiria wote. Mmoja wao, amelewa, akauliza wanakwenda wapi. Hasifa, aliyezoea kupewa peremende, akampa alichokijua:

"Leta chai, malaya wewe!"

Askari akakoki bunduki. Rehemah akamvuta Hasifa nyuma yake.

"Afande, samehe." Alikuwa Aidah. "Huyu hajui maana. Askari walimfundisha, wakacheka. Baba yetu amekufa. Tunakwenda kwa mjomba, Mbale."

Askari akamkodolea macho, kisha akambana shavu kwa vidole vyenye mafuta ya nyama. "Huyu kichwa yake mzuri. Haya, pita!"

Ndani ya lori, Rehemah alilisugua shavu lile kwa leso mpaka mtoto akalia.

"Ulijifunza lini wewe?"

"Kila siku, mama. Nilikuwa bado nasikiliza."

Amani iliporudi, wakaanza shule ya Nabuyonga, hapo Mbale, na sasa lugha ngeni ikawa Kiingereza. Hasifa aliimba nyimbo za Kiingereza tangu wiki ya kwanza. Aidah alinyamaza, na mwalimu akamchapa mpaka miguu ikavimba.

Rehemah akamfuata darasani. "Mwalimu, hawa hata kunyonya hawakunyonya sawa. Huyu mpe muda."

"Mama, mmoja ana akili, mwingine hana. Ndivyo Mungu alivyogawa," mwalimu akajibu, akichokonoa meno.

Muhula wa tatu Aidah akaanza kusema Kiingereza, sentensi nzima nzima, bila kukwama. Mwalimu akamwita Rehemah, akainua fimbo juu kwa furaha.

"Umeona kazi ya hii?"

Rehemah aliitazama ile fimbo, iliyong'aa kwa kushikwa. Akatema mate chini, mbele ya viatu vya mwalimu, akawachukua wanawe kuwatafutia shule nyingine.