Mafuta ya Samaki ku Batri ya Kapinga

Harufu njo iliamusha Kapinga, hata mutoto hajalia. Samaki. Si ya kukaanga. Ni yale mafuta yenye mama mukwe alileta toka kwao Kinkondja, yalioza mu chupa, yakageuka rangi ya usaha.

Kapinga anasharje matelefone ya watu, mbele ya nyumba yake, pa njia ya kuenda ku base ya basoda, kambi ya baaskari. Ana plake moja ya jua, batri moja chini ya meza, na mutoto Chloé mugongoni. Kazi hiyo njo inalisha nyumba. Lakini tangu mama mukwe alifika kubatembelea, telefone zinalala pale muchana muzima, zinarudi tupu.

"Weye unauzisha jua ao kivuli?" Exaucée, bibi ya soda mumoja wa ile base, alimurushia mbele ya watu. "Ikishindwa tena leo, naenda kwa mwingine. Na benzangu bote."

Mathieu, jirani yake, fundi wa televizyo, aliingiza kichwa chini ya meza, akakitosha mbio. Vichwa vya batri vilivaa koti nzima: mafuta, vumbi, ukoga wa kijani, mende zimeganda miguu juu.

"Aksh! Nani alipaka hii buchafu?"

Kapinga aliinama kutafuta kisu. Mama ya bwana haambiwi kosa mbele ya jirani. Na yule mama anapaka kila kitu mafuta ya samaki: jembe, mulango, shavu ya Chloé. Kwake, chuma yenye haipakwe inasikia njaa.

"Courant, huu umeme, inapitia ku ngozi ya kitu," Mathieu akasema. "Banasayansi banajaribu plake za jua za mupya, za mbegu bidogo sana, macho haibione. Kila mbegu inavaa ngozi ya mafuta. Ngozi ikiwa munene, courant inakwama. Banaitosha, banaivalisha ingine mwembamba, njo inapita."

"Kumbe nazo ziko na mama mukwe," Kapinga akanong'ona.

Alikwangua na kisu, akaosha na maji ya majivu. Utando ulinyooka kama makamasi, ukamushika vidole. Akatapika pembeni, akarudi kukwangua mpaka risasi ya vile vichwa vya batri ikang'aa. Akafunga waya. Telefone ya Exaucée ikaanza kujaa.

Mama mukwe akatokea pa mulango, chupa mukononi. "Umeiacha buchi, mwanangu? Itakamata baridi."

Kapinga akafungua kitenge, akamushusha Chloé.

"Huyu njo anasikia baridi, mama. Mumupake yeye. Batri muniachie miye."

Mafuta yakashuka ku shavu laini ya mutoto. Kapinga akageuza uso, akasimama mbele ya batri.