Nyumba ya Chura wa Tabitha

Fundi vioo wa Kewanja hupima kwa shubiri kwanza, ndipo kwa futi, na futi ikisema tofauti huinunia futi. Akikata kioo hubana pumzi na kukibembeleza kwa sauti ya chini, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Tabitha alipomletea chura kwenye ndoo na kuomba nyumba ya kioo, alijua jamaa atacheka mpaka kijiji cha Genkuru wasikie. Jamaa akachungulia ndoo tu. "Huyu anapanda ukuta, dada. Bila kifuniko chenye matundu, jioni kuku wamemla." Akaunga vioo kwa silikoni, kisha akavizuia siku tatu harufu iishe, eti chura hupumua hata kwa ngozi.

Siku ya kuchukua, Tabitha akaja na chura wake na mchanga laini aliouchota kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, akijiona mjanja. Fundi alipouona, tabasamu likamfutika. "Haya si marudio haya, mabaki ya kuoshea dhahabu? Yamepita kwenye zebaki! Unamjengea nyumba au kaburi?" Akanawa mara mbili kwa sabuni, yeye anayekula chapati na vumbi la vioo vidoleni. Halafu akafunga kibanda, wateja wawili wakiwa wamesimama, akaenda kuchimba udongo kwenye migomba yake. Akautandaza taratibu, akaongeza majani makavu na kibakuli cha maji ya mvua. Chura akazama ndani ya majani, yakabaki macho.

"Asante sana, fundi," Tabitha akasema kwa sauti.

"Punguza sauti," fundi akanong'ona. "Ndo kwanza amehamia."