Kijiji cha Mama Dikeledi Mbele ya Wazee wa Hyattsville

Nilikwenda Amerika kwa ajili ya ardhi ambayo sijawahi kuikanyaga. Wakati huo, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa bibi maendeleo Morogoro, nazunguka vijijini kuwahimiza kina mama wachimbe vyoo na wachemshe maji. Jirani yangu alikuwa Mama Dikeledi, mkimbizi kutoka kijiji kimoja cha kaskazini mwa Transvaal, Afrika Kusini. Kiswahili alikipatia kwetu, sokoni na misibani. Siku moja dada yake alimpenyezea barua kupitia Botswana: serikali ya makaburu inataka kuwahamishia wanakijiji kwenye uwanda usio na maji. Ardhi ya kijiji, kwa hati, ilikuwa ya kanisa moja la Hyattsville, karibu na Washington, lililopeleka wamisionari kule zamani. Sasa wazee wa kanisa walikuwa wanaombwa na serikali hiyo waiuze. Wakiuza, kijiji kimekwisha. Walikubali kumsikiliza Mama kwanza, yeye na mkalimani wake. Mkalimani ndiye mimi, na sifichi, nilivimba kichwa.

Ndani ya ndege, baada ya London, Mama alinipitisha katika maneno atakayowaambia wazee. Alikuwa na mambo mazito, ya ulevi na ya wanaume waliotoroka familia. Nikamuuliza, "Hayo yote utayasema mbele ya Wazungu?"

"Si nyinyi mnaosema mficha maradhi kifo humuumbua?" akanijibu, akafunga macho akalala.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Kwetu vilevile tunasema funika kombe mwanaharamu apite, na nimelelewa kwamba aibu ya mwenzio unaifunika kwa kanga yako mwenyewe. Sikumbishia, lakini sikukubali.

Alhamisi alasiri tulipokewa uwanja wa ndege wa Dulles na Wanjiru, muuguzi kutoka Nyeri aliyekuwa akisali katika kanisa lile. Alitupeleka kwenye flati yake Silver Spring, ghorofa ya nne, akatupikia ugali wa unga wa njano huku akiomba radhi kwa rangi ya unga huo. Baridi ya Oktoba ilikuwa imeanza. Mama alisimama dirishani akitazama magari, akauliza watu wa jengo lile wanazikana vipi ikiwa hawasalimiani kwenye ngazi. Wanjiru alicheka, kisha akasema hilo hata yeye bado hajalijua.

Jumamosi asubuhi Wanjiru alituendesha hadi Hyattsville. Tulipita nyumba za matofali, maghala, na watu wanaosubiri basi mikono mifukoni. Katika ukumbi wa kanisa walikaa wazee sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Mwenyekiti wao alikuwa babu mpole mwenye kifaa cha kusikia sikioni. Wanjiru alibaki nyuma akimimina kahawa.

Mama alisimama akasema kwa Kiswahili. Wanaume wako migodini miezi kumi na moja kwa mwaka, wanarudi wakikohoa damu, na wengine wameoa huko huko hawarudi. Kisima ni kimoja na wanawake wanapasuana vichwa kwa foleni. Wanapika pombe ili watoto wapate ada, na pombe hiyo hiyo inawaharibu wavulana. Wasichana wanazalia nyumbani. Mwanawe wa pili alikufa kwa kuhara, gari la hospitali halikufika.

Na mimi je? Nilisema kwa Kiingereza changu safi kwamba wanaume wanafanya kazi mbali, wanawake wanashirikiana kisimani, wana biashara ndogondogo na wanathamini elimu. Mtoto nilimtaja, lakini kwa maneno mepesi. Nilijiambia kwamba sisemi uongo, nachagua tu.

Mwenyekiti alitabasamu. Alisema wamefarijika, maana watu hodari namna ile wataweza kuanza maisha popote watakapopelekwa. Mama aliniuliza amesemaje. Nikamjibu, "Wamefurahi."

Tukiwa njiani kurudi, Wanjiru alisimamisha gari kwenye taa nyekundu. "Dada Zuhura, mimi si kiziwi," akasema. "Huyu mama ameongea mambo ya watu kufa, wewe ukawapelekea habari ya vikundi vya akina mama. Kesho baada ya ibada wanapiga kura. Watauza, na watauza kwa roho safi."

Mama alikuwa kiti cha nyuma, na Kiswahili anakijua. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilimweleza yote, nikamwambia nilikuwa namsitiri.

"Bi Zuhura, nani alikuambia mimi naona aibu?" akaniuliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniliza. Nililia mpaka Silver Spring, mwanamke mzima niliyezoea kuwafokea wenzangu kwa sababu ya vyoo.

Jumapili, kabla ya kura, Wanjiru aliwaomba wazee watupe nusu saa. Nilisimama kwanza mwenyewe nikawaambia wazee kwamba jana nilipunguza maneno, kosa ni langu, mama huyu hakujua. Uso uliniwaka. Kisha Mama akarudia yote, nami nikatafsiri yote, damu na pombe na vichwa.

Mzee mmoja wa kike aliinua mkono. Aliuliza, kwa upole kabisa, kama hali ni mbaya hivyo, kwa nini watu wasihame.

Mama alimtazama. "Yule aliyenipasua hapa kisimani," akasema akigusa paji la uso, "ndiye aliyemwosha mwanangu alipokufa. Mume wangu akiwa mgodini, ndiye aliyekuja kulala nyumbani kwangu wiki nzima. Tukitawanywa, shida tutakwenda nazo. Huyo mwanamke ndiye tutakayemwacha."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mwenyekiti alivua miwani, akasema hawatapiga kura siku ile, wanahitaji kuomba na kufikiri. Watatuandikia.

Tulirudi Morogoro wiki iliyofuata. Nikaendelea na kazi yangu, ila sasa nikiingia kijijini nauliza kwanza wanagombania nini, na naandika wanavyosema, siandiki ninavyopenda wilaya isome. Ofisini wakaniona mkorofi, na sikuwajali.

Barua ilifika Januari. Mama alikuja nayo asubuhi, haijafunguliwa, akakaa kwenye mkeka wangu wa barazani. Nikaanza kusoma. Kanisa halitauza ardhi. Mama aliinamisha kichwa akashukuru kwa lugha yake, na mimi nikaona aya ya pili.

Ningeweza kukunja karatasi pale pale. Asingejua mpaka pengine mwaka mwingine, na angelala usingizi wa raha usiku ule. Halafu nikasoma: kabla simu yao ya maandishi ya kukataa kuuza haijafika serikalini, malori yalikuwa yamekwisha kuchukua watu wa nyumba saba za upande wa mto, na nyumba ya dada yake ilikuwa mojawapo. Walikopelekwa hakujulikani.

Mama hakulia. Alinyoosha kanga yake magotini, akanisogelea mpaka bega lake likagusa langu.

"Soma tena hapo pa dada yangu," akasema. "Polepole."