Karatasi ya Mafuta ya Maganda

Mama yangu hakuwa na kawaida ya kutushika uso kwa kiganja. Alipotaka kutubembeleza alitumia mgongo wa mkono, akaupitisha shavuni polepole, nasi tukadhani akina mama wote hufanya hivyo. Alikuwa mbanguaji wa korosho. Asubuhi alijipaka majivu mikononi, akagonga korosho moja moja kwa kirungu hadi jioni, na akirudi nyumbani Mikindani tulimjua kwa harufu kabla hajafika mlangoni: moshi, majivu na utamu wa korosho zilizokaangwa. Harufu hiyo naipenda mpaka leo. Ikinipitia njiani nasimama kidogo, nikajiona mtoto tena.

Nilipokua nikaajiriwa kwenye kiwanda kidogo njia ya Naliendele, kazi yangu makaratasi ya mizigo inayokwenda nje. Miaka yote tuliuza korosho. Kisha bosi, ambaye ukoo wake una maduka Mtwara mjini tangu enzi za babu yake, akaamua maganda yasichomwe tena, yakamuliwe mafuta. Mafuta yale meusi huko nje hutengenezewa rangi na breki za magari. Mnunuzi akapatikana, mapipa yakajazwa, meli ikasubiriwa bandarini baada ya siku kumi. Ikabaki karatasi ya usalama wa kemikali, inayomweleza kila atakayegusa pipa kilichomo ndani, kinavyodhuru, na la kufanya kikimdhuru. Bila hiyo mzigo haupakiwi.

"Hii iko mikononi mwako, dada," bosi aliniambia. "Ikikwama, natafuta mtu wa Dar akae kwenye kiti chako."

Nilicheka moyoni. Mimi, mtoto wa mbanguaji, nikwame kwenye maganda? Nikajaza vipengele vyote kumi na sita kwa mchana mmoja. Kwenye madhara niliandika: huchubua kidogo ngozi ya asiyezoea. Kwenye huduma ya kwanza: paka majivu au mafuta ya nazi. Nikatuma, nikaenda zangu kula.

Siku ya tatu karatasi ikarudi. Mnunuzi aliuliza kwa adabu, adabu ile ya kukera: kidogo ni kiasi gani? Ngozi inakuwaje, na baada ya muda gani? Asiyezoea ni nani? Na majivu yaondolewe kwenye karatasi, aliyedhurika aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Damu ilinichemka. Mtu hata mkorosho hajauona, anakuja kunifundisha maganda! Bosi aliisoma amesimama, akanitazama, kisha akakitazama kiti changu. Hapo ndipo niliponywea. Nikapanda bodaboda hadi kwa mama.

Nilimkuta barazani anachagua mchele.

"Shikamoo, mama. Hebu nieleze mafuta ya maganda yanavyounguza."

"Marahaba. Kwani wewe huyajui?"

"Nayajua. Nataka unieleze wewe."

Akaweka ungo chini. Mwanzoni huhisi kitu, alisema, na huo ndio ubaya wake. Unakula, unalala, kesho yake ngozi inawasha, inakuwa nyeusi, inatoa malengelenge, kisha inabanduka kama ganda la kitunguu. Ukijisahau ukapikicha jicho, siku tatu hulifungui. Majivu yanapunguza tu, hayazuii.

"Ulipokuwa mchanga," akaongeza, "siku moja nimetoka kazini nikakushika shavu. Ulivimba uso wiki nzima. Tangu hapo sikumshika mtoto kwa kiganja."

Kalamu ilinisimama. Nina watoto wangu mwenyewe, na jambo hilo sikuwa nalijua.

Niliandika upya. Neno 'kidogo' nikalifuta, 'asiyezoea' nikalifuta, nikaeleza ngozi inavyokuwa na kwamba madhara yanaweza kuchelewa. Nilipofika kwenye kinga, niligoma kuandika kwamba glovu ni lazima kabla sijaziona mikononi mwa wafanyakazi wetu. Bosi alinung'unika, lakini alizinunua siku hiyo hiyo. Karatasi ikakubaliwa, na mapipa yakapakiwa siku moja kabla ya meli kuondoka.

Nikampelekea mama nakala. Alitaka nimsomee yote, nami nikawa natafsiri Kiingereza chake mstari kwa mstari. Kwenye glovu akanikatiza.

"Hao wa huko wanavaa?"

"Lazima, mama. Asiyevaa haruhusiwi kugusa."

Akaitazama mikono yake juu ya khanga, vidole vilivyolainika ncha hadi mashine ya alama za vidole ilishindwa kuvisoma.

"Kumbe ilikuwa inajulikana," alisema.

Nikachukua kiganja chake nikakiweka shavuni mwangu. Alishtuka, akataka kukitoa.

"Mama, kazi umeacha miaka mingi. Mikono ni safi."

"Najua, mwanangu," alisema. Lakini akaugeuza mkono, akanipapasa kwa mgongo wake, polepole, kama zamani.