Patani ya Ukutani

Jamani, kuna watu Kariakoo hadi leo wakiniona nimeinama kuokota kitu wanakohoa, na siwalaumu, kwa sababu siku ile suruali za wanaume sita zilipasuka mbele ya mtaa mzima na mkasi ulikuwa wangu.

Nilijiunga na ushirika wa mafundi cherehani pale Mchafukoge kama nilivyojiunga na kila kitu tangu niache shule darasa la tano: nilichungulia mlangoni, nikauliza maswali, nikabaki. Kulikuwa na patani moja ya suruali, karatasi ngumu iliyotundikwa msumarini, na wote tulikata kwa kuifuata. Mzee Nassoro, mkataji mkuu, aliniambia siku ya kwanza, "Ukitaka kubadilisha kitu, chora nakala yako pembeni, shona moja, niletee niione. Hii ya ukutani haiguswi, kijana. Hii ni ya wote."

Nikaitikia. (Kuitikia sijawahi kushindwa.)

Sasa mimi nilitaka suruali ya kunibana nyuma kama za vijana wa dansi, na kuchora nakala nikaona uvivu, nikajisemea vidole viwili tu nani ataviona, nikaishusha patani wenzangu wakiwa nje, nikaipunguza, nikaitundika tena, na vile vipande nikavitia jikoni chini ya birika la chai. Suruali ikanikaa! (Mimi ni mwembamba kama sindano.)

Juma lilelile tukaambiwa afisa anakuja kutukagua, akiridhika tutapewa kitambaa cha sare za mgambo, na kitambaa siku zile kilikuwa adimu, cherehani zetu tano zilikuwa zimefunikwa hazina kazi. Mwenyekiti wetu, Mama Anjela, akaamua wanaume wote tumpokee tumevaa suruali mpya. Mzee Nassoro akakata sita kwa kitambaa cha mwisho tulichobakiza, mimi yangu tayari ninayo. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikaenda kupepea mkaa wa pasi. Walipozivaa wakalalamika zinabana, Mzee akasema kitambaa kipya kitalegea.

Afisa akaja, mtaa ukajaa mlangoni, tukaimba vizuri tu. Kisha akasema, "Mgambo hasimami tu, ndugu zangu. Hebu chuchumaeni."

Mlio ule! Mzee Nassoro, mtu wa kupewa shikamoo na kila anayepita, akabaki amejishika nyuma kwa mikono miwili. Suruali iliyobaki nzima ilikuwa yangu peke yake, na hiyo ndiyo iliyonisaliti.

"Mbona wewe hujapasuka?" Mama Anjela akauliza.

"Wembamba tu, mama."

Mzee akaenda kinyumenyume hadi ukutani, akaipima patani kwa vidole. "Vipande viko wapi?"

"Tumechemshia chai, mzee."

Afisa alicheka hadi machozi, lakini kitambaa hakutoa. "Nitarudi baada ya mwezi," akasema, "na hiyo patani muitafutie mlinzi."

Mzee Nassoro akachora nyingine kwa kufumua suruali yake ya zamani, akaifungia sandukuni kwa kufuli, ufunguo shingoni mwake. Ikawa sheria: mwenye wazo jipya alete nakala, na suruali yake ichuchumaliwe mbele ya wote. Mchuchumaaji nikateuliwa mimi.

Afisa aliporudi, nilichuchumaa peke yangu mbele ya mtaa uleule, nimefungwa mto wa sufi nyuma ili nilingane na Mzee, Mama Anjela akihesabu, "Moja! Shuka vizuri, baba! Mbili!" Suruali ikashika, kitambaa tukapata. Tangu siku hiyo, kitu cha wote hata kikining'inia upande sikinyooshi. Namwita mwenye ufunguo.